Vichujio vya Utafutaji na Historia ya Homa katika Pwani ya Olumbi

Katika rasimu ya kwanza ya insha hii niliandika sentensi moja ambayo baadaye niliifuta: "Kuhusu homa za pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado kabla ya Uhuru wa Msumbiji, wataalamu wa tiba hawakuandika kitu." Sikuiandika kwa kubahatisha. Nilikuwa nimekaa siku mbili mbele ya kompyuta ya maktaba, nikitafuta katika PubMed, hifadhidata kubwa ya makala za tiba inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na jibu la mwisho nililopewa lilikuwa sifuri. Nikaiamini sifuri hiyo kama mtu anavyoamini mizani ya sokoni.

Aliyenifanya nitafute ni bibi yangu. Yeye ni mzaliwa wa Olumbi, kusini mwa mji wa Palma, na tangu shambulio la Palma la Machi 2021 anaishi Pemba kwa shangazi. Nilimpigia simu nimwulize majina ya nyavu na mitego kwa ajili ya kazi nyingine kabisa, ya msamiati. Tulipomaliza madema na majarife, mazungumzo yakahamia kwa dada yake mkubwa, ambaye aliwahi kuwa hodari wa kwenda pwani na kimia wakati wa maji kupwa.

"Kisha akapata ile homa," bibi akasema.

"Homa gani, bibi? Malaria?"

"Malaria tunaijua, mjukuu wangu. Ile inakuja, inakutetemesha, inakwenda. Hii ilimwinamisha. Siku tatu joto, halafu joto likaondoka na yeye akabaki ameinama. Mwezi mzima alitembea kama mtu anayetafuta sindano mchangani."

Nikamwuliza ilikuwa lini. Mwaka hakuukumbuka. Alisema tu kwamba yeye alikuwa hajaolewa, na vita vya FRELIMO vilikuwa bado. Vita hivyo vilianza Septemba 1964. Jina la homa alilitaja kwa maneno ya kawaida: homa ya kuinama.

Basi nilikuwa na ushahidi wa mdomo wa mtu mmoja, na nilitaka kuupima kwa maandishi. Wazee wa Olumbi leo wametawanyika Pemba, Nampula na kwingineko, wengine wamefariki ugenini, na kuwakalisha barazani kama zamani haiwezekani. Kwa hiyo nilichokuwa nakitegemea ni karatasi, na njia ya kufikia karatasi hizo ni hifadhidata. Naeleza hapa nilivyotafuta, kwa sababu kosa liko humo.

Ukifungua PubMed unapewa kisanduku cha kuandikia maneno, na upande wa kushoto unapewa vichujio: miaka, lugha, aina ya makala, kuwepo au kutokuwepo kwa muhtasari, na kadhalika. Ukitia alama kwenye kichujio, makala zote zisizokidhi sharti hilo zinatoweka. Hazikataliwi mbele ya macho yako. Huzioni tu. Mimi niliweka lugha: Kiingereza. Niliweka sharti la muhtasari, maana sikutaka kufungua makala nzima kila mara ili kujua inahusu nini. Kwa mahali niliandika Olumbi, kisha Palma, kisha Pemba.

Hapo kwenye Pemba ndipo balaa lilipoanzia. Yeyote anayetoka Cabo Delgado anajua kwamba Pemba yetu ina jina moja na kisiwa cha Pemba cha Zanzibar. Kompyuta haijui. Ikanimwagia makala za kisiwani, na ni nyingi, kwa kuwa Pemba ya Zanzibar imefanyiwa tafiti za minyoo kwa miaka mingi, na pia lile jaribio kubwa la kuwapa watoto madini ya chuma lililochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006. Nikaona njia ya mkato. Hifadhidata inaelewa viunganishi vitatu, ambavyo kwa Kiswahili tungesema na, au, isipokuwa. Nikatumia cha tatu: isipokuwa Zanzibar, isipokuwa Tanzania, na kwa kujiona hodari wa historia nikaongeza isipokuwa Tanganyika. Minyoo yote ikaondoka. Pamoja nayo, bila mimi kujua, ikaondoka makala niliyokuwa naihitaji kuliko zote.

Makala hiyo iliandikwa na daktari Marion Robinson, ikachapishwa mwaka 1955 katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya tiba ya tropiki ya London. Inaeleza mlipuko uliotokea mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa juu wa Makonde, wilaya ya Newala, kusini mwa Tanganyika. Watu walishikwa na homa ya ghafla na maumivu ya viungo makali kiasi cha kushindwa kusimama wima. Wenyeji waliupa ugonjwa huo jina la Kimakonde, chikungunya, lenye maana ya kile kinachokunja. Pamoja nayo ilitoka makala ya pili, ya W. H. R. Lumsden, iliyofuatilia namna ugonjwa ulivyoenea. Uwanda ule hauna maji. Watu waliyachota mbali wakayahifadhi majumbani vyomboni, na humo ndimo alimozaliana mbu aina ya Aedes aegypti. Mwaka 1956 R. W. Ross akaeleza virusi vyenyewe.

Niliposoma maelezo ya Robinson kuhusu wagonjwa waliokunjika nilimkumbuka dada yake bibi na sindano yake mchangani.

Sasa tazama vichwa vya makala hizo tatu. Mbili za kwanza zinazungumzia mlipuko wa ugonjwa wa virusi katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Ya tatu inasema mlipuko wa Newala. Hakuna hata moja yenye neno chikungunya katika kichwa chake, ingawa ndizo zilizoupa ulimwengu ugonjwa huo kwa jina hilo. Tena makala za miaka ile ziliingizwa katika hifadhidata baadaye sana, bila muhtasari. Kwa kawaida muhtasari huanza kupatikana humo kwa makala za mwaka 1975 na kuendelea. Kwa hiyo kile kichujio changu cha muhtasari peke yake kilitosha kufuta takriban kila kitu kilichoandikwa wakati bibi yangu ni msichana. Neno Tanganyika nililolikataza lilikuwa kufuli la pili juu ya mlango uliokwisha kufungwa.

Na mpaka wenyewe ni upi? Ni mto Ruvuma. Newala iko upande wa kaskazini wa mto, Mueda upande wa kusini, na Wamakonde wako pande zote mbili. Lugha yao upande wa Newala huitwa Chimakonde, upande wa Mueda huitwa Shimakonde. Tofauti ni ya kiambishi. Nasi wa pwani, Wamwani, Wamakwe na Waswahili, tumekuwa tukivuka mdomo wa Ruvuma kwenda Mtwara na Mikindani kwa mashua tangu hapo hakujawa na mtu wa kuuliza hati. Mbu hakuulizwa pia. Kuna hata sehemu za kwetu zilizohama nchi bila kuhama mahali: Kionga, katika wilaya hiyohiyo ya Palma, ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, Wareno wakairudisha mikononi mwao mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles ukaithibitisha kuwa yao. Anayetafuta habari za Kionga ya mwaka 1900 kwa kuchuja Msumbiji anatafuta katika nchi isiyo yake.

Nilijiuliza ni nani aliyetengeneza vyombo hivi, na kwa ajili ya nani. Historia yake ni ndefu kuliko nilivyodhani. Mwaka 1879 daktari wa jeshi la Marekani, John Shaw Billings, alianzisha Index Medicus, faharasa iliyotoka kila mwezi ikiorodhesha maandishi mapya ya tiba kwa mada. Mwaka 1960 Maktaba ya Taifa ya Tiba ikatoa orodha rasmi ya istilahi za kuainishia makala, ili ugonjwa mmoja wenye majina matano upatikane chini ya jina moja. Mwaka 1964 kazi ikahamia kwenye kompyuta, na mwaka 1997 PubMed ikafunguliwa bure kwa kila mwenye intaneti. Huo ni wema mkubwa, na mwanafunzi wa Msumbiji hana sababu ya kuubeza.

Vichujio vya kitaalamu, vile vinavyotungwa kwa makusudi na kupimwa, vilikuja na tatizo la wingi. Brian Haynes na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha mwaka 1994 fomula za maneno za kumsaidia daktari kupata haraka tafiti zilizofanywa vizuri kuhusu tiba, utambuzi na visababishi vya magonjwa. Mwaka huohuo Kay Dickersin na wenzake walionyesha katika jarida la tiba la Uingereza kwamba kutafuta kwa kompyuta peke yake kulipata takriban nusu tu ya majaribio ya tiba yaliyojulikana kuwepo. Hapo kuna mvutano usiokwisha. Ukitaka kupata kila kinachohusika, utapata na takataka nyingi; ukitaka kusiwe na takataka, utapoteza vinavyohusika. Mvuvi wa Olumbi anaujua mvutano huu kwa jina la matundu ya wavu. Jarife la papa lina matundu mapana, na mwenye jarife hashangai kutopata dagaa. Asemacho hata siku moja ni kwamba bahari haina dagaa. Mimi ndiye niliyesema hivyo.

Afrika nayo imetungiwa kichujio chake. Mwaka 2011 watafiti wa Afrika Kusini, Elizabeth Pienaar na wenzake, walichapisha kichujio cha kijiografia cha kutafutia majaribio ya tiba yaliyofanyika barani, wakipima kwa uangalifu uwiano huohuo wa kupata na kupoteza. Ni kazi nzuri na nimejifunza kwayo. Lakini imetengenezwa kwa anayetafuta majaribio ya tiba. Mwanahistoria wa kijiji anatafuta kitu kingine: ripoti ya mganga wa wilaya, barua, maelezo ya mgonjwa mmoja, jina la ugonjwa lililosikika vibaya na kuandikwa vibaya. Daktari wa zamu anahitaji jibu kabla mgonjwa hajazidiwa, naye afanya vyema kuondoa ya kale. Kwangu mimi ya kale ndiyo kazi yenyewe, na bado nilishika chombo chake bila kubadilisha hata tundu moja.

Kosa langu la lugha ndilo linaloniuma zaidi. Nimesoma kwa Kireno tangu darasa la kwanza. Ni lugha ya shule katika nchi yetu. Lakini nilipokaa mbele ya hifadhidata nilitia alama kwenye Kiingereza, kwa sababu nilidhani elimu ya tiba inaandikwa kwa Kiingereza. Nilipoiondoa alama ile nilikutana na makala ya mwaka 1960 ya Robert Kokernot na wenzake katika Anais do Instituto de Medicina Tropical, jarida la Lisbon. Kichwa chake ni cha Kireno, na kazi yenyewe ilikuwa kupima damu za wakazi wa Msumbiji kuona kama zina kinga dhidi ya virusi vinavyoenezwa na wadudu. Yaani miaka minne kabla ya vita vya FRELIMO, tayari kulikuwa na watu waliouliza swali langu, na waliliuliza kwa lugha niliyofundishwa kuandikia insha nikiwa mtoto.

Makala nyingine ilinifundisha jambo la kinyume. Mwaka 1986 Duane Gubler na wenzake waliandika juu ya kirusi cha dengue cha aina ya tatu. Wagonjwa walitoka Msumbiji, katika mlipuko wa 1984 na 1985 uliofika Pemba, Pemba yetu. Lakini kichwa cha makala kinataja Afrika tu. Mtu anayetafuta jina la nchi katika vichwa vya makala ataipita. Mlipuko mwingine wa dengue ulitokea Pemba na Nampula mwaka 2014, na huo umeandikwa kwa jina la Msumbiji waziwazi, hivyo unaonekana. Ukichuja kwa miaka ya karibuni unaweza kudhani ugonjwa huu ulifika Cabo Delgado mwaka 2014.

Nilipoacha vichujio nikaanza kufuata tanbihi, makala moja ikinipeleka kwa nyingine, nilifika mahali ambapo sikutegemea: Unguja, mwaka 1870. Daktari James Christie aliishi Zanzibar enzi za Sultani, akashuhudia homa iliyoenea mjini na kuwaacha watu na maumivu ya viungo. Mwaka 1872 aliandika habari zake katika jarida la tiba la Uingereza, na katika kichwa cha makala aliuita ugonjwa kwa jina alilolisikia mitaani: kidinga pepo. Wazee walimwambia kwamba homa ya namna hiyo iliwahi kupita karibu mwaka 1823. Christie aliamini kwamba jina dengue lililotumika Visiwa vya Karibi limetokana na hilo dinga la Kiswahili. Wanaisimu wanaendelea kubishana, na wapo wanaolitoa neno hilo katika Kihispania. Mimi naona hoja ya Christie ina nguvu, ila nakiri kuwa mwanafunzi wa Kiswahili si hakimu asiye na upande katika kesi hii. Katika Tanzania ya leo wizara na magazeti huita dengue homa ya kidingapopo. Pepo amekuwa popo, lakini neno halijafa.

Kisha ajabu yenyewe. Mwaka 1971 Donald Carey, katika jarida la historia ya tiba, alitoa hoja kwamba ugonjwa alioueleza Christie haukuwa dengue ya leo. Dalili zake, hasa maumivu ya viungo yasiyoondoka, zinalingana zaidi na chikungunya. Ikiwa Carey yuko sahihi, jina la Kiswahili lilisafiri baharini likaenda kuuita ugonjwa mwingine, na ugonjwa wenyewe ukabaki pwani hii bila jina vitabuni mpaka Wamakonde wa Newala walipoupa la kwao miaka themanini baadaye. Anayechuja kwa neno chikungunya hamwoni Christie. Anayechuja kwa dengue ndani ya vichwa vya makala naye hamwoni, maana Christie hakuliandika pale. Anamwona yule tu anayejua kuandika kidinga pepo, na kwa pepo, si popo.

Narudi kwa dada yake bibi. Siwezi kusema aliugua chikungunya. Miaka ya 1959 hadi 1962 kulikuwa na mlipuko mwingine, o'nyong-nyong, jina la Kiacholi kutoka Uganda lenye maana ya kudhoofika kwa viungo. Uliambukiza zaidi ya watu milioni mbili, ukaenea Kenya, Tanganyika hadi Msumbiji, na dalili zake zinafanana sana na za chikungunya. Maelezo ya bibi yanaingia vizuri katika mlipuko wa 1952 na yanaingia vizuri pia katika huu wa pili. Damu ya marehemu haipimwi. Ninachoweza kusema ni kwamba kabla ya 1964 ugonjwa wa kuwakunja watu ulikuwa umeandikwa kaskazini ya Ruvuma, kwamba damu za watu wa Msumbiji zilikuwa zimepimwa kutafuta virusi vya jamii hiyo, na kwamba mwanamke mmoja wa Olumbi aliinama mwezi mzima.

Jambo hili si la makumbusho. Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu, na upimaji wa damu uliofanywa Oktoba mwaka huo ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi wa kisiwa walikuwa wameambukizwa. Ikashuka Mombasa, ikafika Komoro mwaka 2005, kisha Réunion na India. Ramani ya safari hiyo ni ramani ya majahazi, na pwani yetu iko njiani. Mwaka 2015 Eduardo Samo Gudo na wenzake walichapisha ushahidi wa chikungunya katika damu za wagonjwa wa homa wa kusini mwa Msumbiji. Huko nyumbani kila anayeungua mwili huambiwa ni malaria, na mara nyingi ni malaria kweli. Lakini daktari kijana atakayepangiwa Palma ataketi siku moja mbele ya kisanduku kilekile, ataandika jina la mahali, atatia alama kwenye Kiingereza na muhtasari, na atapewa sifuri niliyopewa mimi.

Utafutaji wangu sasa hauna kichujio cha lugha wala cha muhtasari wala cha mwaka. Badala yake nimeandika majina, nikiyaunganisha kwa au: Olumbi na Olumbe, kwa sababu Wareno huliandika kwa e, Palma na Tungue na Tungi, Kionga na Quionga, Pemba na Porto Amélia, jina la mji hadi 1975, Mozambique, Moçambique na Afrika ya Mashariki ya Wareno, Newala, Mikindani, Tanganyika. Makala za minyoo ya kisiwani zimerudi zote, mia kwa mia. Nazisoma vichwa moja moja na kuzipita. Kazi hiyo inachukua jioni nzima, na jioni moja ndani yake ndipo nilipompata Kokernot.

Yapo ambayo hayapatikani humo hata ukiandika nini. Mwaka 1916 jenerali Ferreira Gil alishuka Palma na kikosi kutoka Ureno kupigana na Wajerumani, na katika vita vile askari wa Kireno waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Madaktari wao lazima waliandika, na maandishi ya namna hiyo hukaa katika nyaraka za jeshi, Lisbon, ambako hifadhidata ya Marekani haifiki. Wapagazi wa vijijini waliobeba mizigo yao waliugua pia, nao hawakuwa na wa kuwaandikia.

Nilimpigia bibi tena kumsomea habari za Newala. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama huyo daktari mwanamke alieleza watu waliponaje. Nikamwambia wengi walipona wenyewe, ila viungo vilichelewa. Akasema dada yake walimkanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, asubuhi na jioni, na kwamba niandike hilo pia.